Kifua cha Mchimbaji Mwaka hadi Mwaka: Silikosisi na Picha za Eksirei Likasi

  Nawashukuru wale waliopanda ngazi za ukumbi huu huku wakisimama kupumzika kila baada ya hatua chache. Nimewaona. Na tafadhali, wazee mlioketi mbele, msione haya kukohoa nikiwa nasema.

Nia yangu leo ni moja. Nataka kueleza jinsi picha ya kifua ya mtu mwenye silikosisi inavyobadilika kadiri miaka inavyokwenda, na kwa nini picha moja peke yake, hata ikiwa nzuri namna gani, haitoshi kumwambia daktari mgonjwa wake anaumwa nini. Nina hoja nne. Ya pili na ya tatu ni ndefu, nitaomba subira yenu. Ya nne ni fupi, lakini ndiyo mtakayoweza kuifanyia kazi kesho asubuhi bila kumwomba mtu fedha.

Kwanza niseme tuko wapi. Mji huu wa Likasi, uliokuwa ukiitwa Jadotville hadi 1966, ulijengwa kwa sababu ya mawe. Union Minière, iliyoanzishwa 1906 na kuja kuwa Gécamines baada ya kutaifishwa, ilichimba Kambove na Shinkolobwe, ikasafisha shaba pale Shituru tangu 1929. Shaba yetu haikai peke yake ardhini. Imelala ndani ya miamba ambayo wajiolojia waliipa majina Roches Siliceuses Cellulaires na Roches Siliceuses Feuilletées. Wazee wa migodi wanaijua kwa herufi tu, RSC na RSF. Ni miamba yenye silika nyingi. Ukiitoboa, ukiipasua kwa baruti, ukiisaga kinuni au ukiiponda kwa nyundo, silika hiyo inageuka vumbi. Na si mgodini peke yake. Mafundi wa kiwanda cha kuyeyushia chuma waliotumia kalibu za mchanga, waliovunja matofali ya tanuri, waliochonga mawe ya ujenzi, wote walivuta vumbi la aina hiyohiyo.

Silikosisi ni makovu ya mapafu yanayoletwa na vumbi hilo. Haina dawa ya kuiponya. Hilo niliseme mapema ili nisimdanganye mtu.

Hoja ya kwanza: mtu hustaafu, vumbi halistaafu

Chembe ya silika inayodhuru zaidi ni ile isiyofika mikroni 5. Jicho haliioni. Vumbi zito unaloliona likitua juu ya meza linakera, lakini sehemu yake kubwa hunaswa puani na kooni, likatoka na makamasi na makohozi. Ile ndogo hupita huko kote ikafika kwenye vifuko vya hewa vya mwisho kabisa. Huko askari wa mwili, yaani ile seli yenye kazi ya kula uchafu, huimeza lakini haiwezi kuiyeyusha. Seli inakufa, chembe inabaki. Inakuja seli nyingine, inaimeza chembe ileile, nayo inakufa. Kila inapokufa inamwaga kemikali zinazouambia mwili ujenge kovu. Kazi hiyo haihitaji vumbi jipya. Vumbi la 1985 linaweza kuendelea kujenga kovu mwaka huu.

Hapa niingize neno kuhusu maziwa, kwa sababu nimeulizwa tangu nilipokanyaga mlangoni. Wengi wetu tumeambiwa kwamba mfanyakazi wa vumbi akinywa maziwa kifua chake kinasafishwa. Maziwa ni chakula kizuri, mnyweni mkiyapata. Lakini yanakwenda tumboni, hayaingii mapafuni, na hayajawahi kutoa chembe hata moja ya silika. Meneja anayegawa maziwa badala ya kumwagia maji mwamba unaotobolewa amegawa maziwa tu.

Turudi kwenye hoja. Mwaka 1993 watafiti wa Afrika Kusini, Hnizdo na Sluis-Cremer, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wachimbaji wa dhahabu 2,235. Kati yao 313 walipata silikosisi. Jambo la kustaajabisha ni wakati ilipoonekana: katika asilimia 57 ya wagonjwa hao, dalili za eksirei zilijitokeza baada ya kuacha mgodi, kwa wastani miaka 7.4 baadaye. Maana yake, wengi wao siku ya kukabidhi kofia na taa walipigwa picha, wakaambiwa wako salama, na picha ile haikusema uongo. Ilisema habari za siku ile.

Sasa pimeni jambo hilo kwa historia yetu. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka katika mpango wa kuacha kazi kwa hiari uliogharimiwa kwa msaada wa Benki ya Dunia. Sina haja ya kueleza maana ya tukio hilo kwa watu wa Likasi. Wengine mmo humu. Tulizoea kusema kampuni ndiyo baba na ndiyo mama. Mtu alipotoka kazini alitoka pia katika shule, katika mgawo wa unga, na katika hospitali ya kampuni. Kwa kuvunjika mguu hilo ni tabu. Kwa silikosisi ni zaidi ya tabu, kwa sababu ufuatiliaji ulikatika katika miaka ileile ambayo picha ingeanza kusema. Aliyetoka mwaka ule na kifua safi alipaswa kupigwa picha nyingine baada ya miaka michache, na nyingine tena. Nimekutana na wengi ambao picha iliyofuata ilipigwa walipokuwa tayari hawawezi kubeba ndoo ya maji.

Hoja ya pili: mabadiliko yana ngazi, na ngazi hizo zinasomeka

Tangu Röntgen alipogundua miale yake Novemba 1895, madaktari wameitumia kutazama vifua. Eksirei ya kifua ni kivuli: hewa inaonekana nyeusi, mfupa mweupe, na kovu liko katikati. Tatizo la zamani lilikuwa lugha. Daktari wa mgodi mmoja aliandika «mapafu yenye vumbi», wa pili «alama kidogo», wa tatu «hatua ya kwanza», na hakuna aliyejua kama wanasema kitu kimoja. Agosti 1930 Shirika la Kazi Duniani (ILO) liliitisha mkutano wa kimataifa kuhusu silikosisi huko Johannesburg, na kuanzia hapo ikatafutwa namna moja ya kusoma. Utaratibu huo umerekebishwa mara kadhaa, mara ya karibuni 2022, na ndio tunaoutumia.

Mafundi, zimeni taa. Picha hizi nne ukutani ni za kufundishia. Ni za watu mbalimbali, na majina yamefutwa.

Ya kwanza ni ya mtu aliyefanya kazi ya vumbi zaidi ya miaka kumi. Mnaona nini? Hamwoni kitu, nami sioni. Mishipa ya damu inatawanyika kutoka kwenye mzizi wa pafu ikizidi kuwa myembamba hadi inapotelea pembeni, kama inavyotakiwa. Silikosisi ya kawaida, ile inayokuja polepole, huchukua miaka kumi, ishirini au zaidi kuonekana. Pafu lingeweza kuwa na vinundu vingi tayari ambavyo ni vidogo mno kutoa kivuli. Picha huchelewa nyuma ya ugonjwa. Jambo hilo lilithibitishwa kwa kulinganisha eksirei na mapafu ya wachimbaji waliofanyiwa uchunguzi baada ya kufa.

Ya pili. Sogeeni, wanafunzi. Tazameni sehemu za juu, kulia na kushoto, katikati ya mbavu. Mnaona vidoa vya mviringo, vidogo, vinavyofanana kwa ukubwa. Hapo kinundu kina milimita moja na nusu hivi. Katika utaratibu wa ILO, herufi p ni vinundu visivyozidi milimita 1.5, q ni vya kutoka hapo hadi milimita 3, r ni vikubwa zaidi, hadi milimita 10. Kisha tunahesabu wingi wake kwa ngazi kutoka 0 hadi 3, kwa kulinganisha na picha za mfano zilizotolewa na ILO, si kwa kukisia. Na msomaji huandika tarakimu mbili. Nikiandika 1/0, nasema: nimeamua ni ngazi ya 1, lakini nilifikiri kwa dhati kwamba huenda ni 0. Naupenda utaratibu huu kwa sababu unamlazimu daktari aandike shaka yake karatasini badala ya kuificha. Mwenzake atakayesoma picha ya miaka mitano baadaye atajua pa kuanzia.

Ya tatu ina vinundu vingi kiasi kwamba mishipa ya damu haifuatiliki tena. Hiyo ni ngazi ya 3. Tazameni pia matezi kwenye mizizi ya mapafu: yamevimba, na baadhi yamezungukwa na mstari mwembamba mweupe wa chokaa. Mstari huo si wa silikosisi peke yake, lakini mtu akiwa na historia ya mgodi unatufanya tuwe na uhakika zaidi.

Sasa ya nne, na hapa ndipo penye mtego. Sehemu za juu kuna donge upande wa kulia na donge upande wa kushoto. Vinundu vimevutana na kuungana. Kivuli kinachozidi sentimita 1 tunakiita kikubwa, na tunakipa herufi A, B au C kadiri kinavyotanda. C ni pale vivuli hivyo vikijumlishwa vinapozidi eneo la juu la pafu la kulia. Donge huanza pembeni, kisha mwaka baada ya mwaka husogea kuelekea katikati ya kifua. Linaposogea linaburuta kila kitu. Mizizi ya mapafu inapandishwa juu. Nyuma ya donge, upande wa mbavu, hubaki hewa tupu ambayo haifanyi kazi, tunayoiita emfisema, na kwenye picha hewa hiyo ni nyeusi, safi, ya kupendeza macho. Vile vidoa vilivyokuwa vimetapakaa kila mahali vinaonekana kupungua. Ukilibana shuka katikati ukalivuta, mikunjo ya pembeni hunyooka; ndivyo pafu linavyofanyika hapa. Asiyejua huiweka picha hii karibu na ile ya tatu, akamwambia mgonjwa kwa furaha: mzee, kifua chako kimesafika. Mzee mwenyewe anashangaa, maana mwaka huu hawezi hata kufunga kamba za viatu bila kuhema.

Kwa hiyo, wanafunzi, mkiona vidoa vimepungua ulizeni vimekwenda wapi. Tafuteni donge. Pimeni umbali kutoka donge hadi ukingo wa mbavu, mkaulinganishe na wa picha iliyotangulia. Washeni taa, tafadhali.

Niongeze kwamba picha na pumzi haziendi sambamba siku zote. Yupo mtu mwenye vinundu tele anayelima shamba lake kule Buluo bila shida, na yupo mwenye vichache asiyeweza kuimba kanisani. Sigara ina mkono wake hapo, na moshi wa makaa vilevile. Ndiyo maana mashine ya kupimia pumzi haina mbadala, na hospitali isiyo nayo ijitahidi kuipata. Bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na ya eksirei.

Tena kuna vijana. Ngazi nilizoeleza ni za mwendo wa pole. Vumbi likiwa zito sana, safari ya miaka ishirini hufupishwa kuwa ya mitano hadi kumi. Na likizidi hata hapo, kama kwa watu wanaosafisha vyuma kwa kurusha mchanga, ugonjwa unaweza kuua ndani ya miaka michache, na picha yake haina vinundu bali ukungu mweupe uliojaa mapafu. Wachimbaji wetu wa mikono, wale tunaowaita creuseurs, wanashuka mashimo membamba yasiyo na upepo wakiwa na nyundo na patasi. Hakuna maji, hakuna feni, na kitambaa kilichofungwa puani hakizuii chembe ya mikroni 2. Juu ya shimo wapo wanaoponda na kuchekecha, na wanawake wengi wamo. Kijana aliyeanza akiwa na miaka 16 anaweza kutuletea akiwa na miaka 25 picha ambayo baba yake, mfanyakazi wa kampuni aliyetoboa mwamba kwa mashine yenye maji, aliipata akiwa na miaka 55. Ukiiona picha ya namna hiyo kwa kijana usiseme haiwezekani. Muulize anafanya kazi gani.

Bwana mmoja ameniandikia karatasi: je, kobalti? Kobalti inaweza kuleta pumu na matatizo mengine ya kifua, na vumbi lake si la kuchezea. Lakini inaacha alama tofauti na hizi, nayo inastahili mhadhara wake.

Hoja ya tatu: kasi ya mabadiliko ndiyo inayotaja ugonjwa

Hii ndiyo hoja ninayoijali kuliko zote, kwa sababu watu wanakufa kwa kutoizingatia.

Nchi yetu ni miongoni mwa nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa kifua kikuu duniani. Mtu mwenye silikosisi yuko katika hatari ya kuugua kifua kikuu mara kadhaa zaidi ya mwenzake asiye nayo, kwa sababu zile seli zilizopaswa kuua vijidudu zimekwisha kuharibiwa na silika. Akiwa na virusi vya ukimwi pia, hatari hizo mbili hazijumlishwi bali huzidishana. Utafiti wa wachimbaji wa Afrika Kusini uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha hivyo wazi. Na magonjwa haya mawili hupenda mahali pamoja: sehemu za juu za mapafu. Donge la silikosisi linaweza kuoza katikati likawa na shimo. Kifua kikuu nacho hutoboa shimo. Ukiweka picha moja mbele ya madaktari watatu waliobobea, usishangae wakikupa majibu matatu.

Wape picha mbili zenye tarehe, na ubishi mwingi utakwisha. Nimonia hugeuka kwa siku, ikaisha kwa majuma. Kifua kikuu hugeuka kwa majuma na miezi. Silikosisi ya kawaida hugeuka kwa miaka. Kupanda kutoka ngazi ya 1 hadi ya 2 si jambo la miezi mitatu. Kivuli ambacho Machi hakikuwapo na Agosti kipo, usikiite vumbi. Kivuli kilichoota upande mmoja tu, shimo jipya ndani ya donge la zamani, maji kwenye utando wa pafu, donge la mvutaji sigara linalokua haraka pasipo pacha wake upande wa pili: vyote hivyo vinadai makohozi yapimwe kifua kikuu kwa mashine ya GeneXpert, na huenda zaidi ya hapo, maana silika imo katika orodha ya visababishi vya saratani ya mapafu tangu 1997. Kumwambia mgonjwa wa namna hiyo «wewe ni mtu wa mgodi, ni vumbi lako tu» ni kumnyima dawa ambayo ingemponya.

Kosa la upande wa pili nalo lipo, na hapa Katanga sioni kama ni dogo. Mtu aliyetibiwa kifua kikuu akapona haachiwi pafu jipya. Huachiwa kovu: mistari, chokaa, sehemu ya juu iliyosinyaa. Mwenye silikosisi vivyo hivyo: atameza dawa miezi yote iliyoagizwa, vijidudu vitakufa, na vinundu vyake vitabaki palepale. Baada ya mwaka anakohoa kwa mafua, anapigwa picha katika zahanati nyingine, anaambiwa «radio», yaani eksirei, «bado ni chafu», anaanzishiwa dawa tena. Wapo waliomeza dawa za kifua kikuu mara tatu, makohozi hayajapimwa hata mara moja tangu ile ya kwanza. Dawa hizo si peremende. Zinaumiza ini, na baadhi huharibu macho au masikio. Picha ya siku ya mwisho wa matibabu, ile ambayo mgonjwa huona haina kazi kwa sababu amekwisha kupona, ndiyo ingemwokoa. Ingeonyesha kwamba kivuli kinachotisha leo kilikuwapo siku ile, kwa ukubwa uleule, na hakijasogea.

Wauguzi wangu, naomba mlishike hili hata mkisahau herufi zote za ILO. Kivuli kisichobadilika kwa miaka miwili huwa ni kovu. Kinachobadilika kwa miezi miwili ni ugonjwa unaoishi.

Hoja ya nne: picha zisizolinganika hazilinganishwi

Ili picha mbili zisemezane lazima ziwe zimepigwa sawasawa. Mgonjwa avute pumzi hadi mwisho na kuishikilia; pafu lililojaa nusu hubananisha mishipa ikaonekana kama vinundu. Miale ikizidi, vinundu vya p vinamezwa na weusi. Ikipungua, kila mtu anaonekana na silikosisi. Mabega yasogezwe mbele ili mifupa yake isifunike pale juu ambapo ugonjwa huanzia. Haya mafundi mnayajua. Ninachowaomba ni msiyaache saa kumi alasiri foleni inapokuwa ndefu.

Halafu kuna utunzaji. Filamu isiyosuuzwa vizuri baada ya dawa hugeuka rangi ya kahawia ikafa. Filamu iliyokunjwa hupasuka. Nimeletewa filamu zilizokaa chini ya godoro miaka kumi na tano, zikiwa zimegandana. Nimeletewa nyingine zilizotunzwa nyuma ya kabati katika bahasha kavu, zikiwa safi kama za jana. Zinazohifadhiwa ndani ya CD zina taabu yake, maana kompyuta za siku hizi nyingi hazina mahali pa kuitia. Mwenye simu aipige filamu picha akiiweka mbele ya dirisha lenye mwanga, jina na tarehe vionekane. Si sawa na filamu yenyewe, lakini inapita kukosa kabisa. Na karatasi ya majibu bila filamu haitoshi: mimi nataka kuona alichokiona mwenzangu, si kusoma alichokiandika tu.

Twendako

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2021 likipendekeza watu wanaofanya kazi penye vumbi la silika, na waliowahi kuifanya, wachunguzwe kifua kikuu kwa utaratibu, wasingoje kuugua. Mwongozo huohuo ulikubali programu za kompyuta zisome eksirei za kifua kikuu kwa watu wazima. Mashine ndogo za eksirei zinazobebeka na kutumia betri zipo, na zinaweza kufika Kambove au kandokando ya machimbo bila kungoja umeme. Nazifurahia, kwa tahadhari moja: programu nyingi kati ya hizo zilifundishwa kutafuta kifua kikuu, na zikikutana na kifua kilichojaa vinundu vya silika zinaweza kupiga kelele kwa kila mstaafu wa mji huu. Lazima kuwe na mtu wa kusoma, na lazima mtu huyo awe na picha ya zamani mkononi.

Majirani zetu wanaweza kutufundisha. Ukivuka Kasumbalesa ukapita Chililabombwe na Chingola unafika Kitwe, ambako Zambia ina taasisi ya serikali ya afya kazini inayopima vifua vya wachimbaji kabla ya kuajiriwa na wakiwa kazini. Kumbukumbu haipotei mchimbaji anapohama kampuni. Tanzania, hospitali ya Kibong'oto mkoani Kilimanjaro, iliyoanza kama kituo cha kifua kikuu mwaka 1926, leo inahudumia pia wachimbaji wa tanzanaiti wa Mererani. Na Afrika Kusini, Julai 2019, mahakama ya Johannesburg iliidhinisha mapatano kati ya wachimbaji wa dhahabu na kampuni sita, ukaundwa mfuko wa Tshiamiso wa kuwalipa wenye silikosisi na kifua kikuu. Lakini anayedai huko lazima aonyeshe mambo mawili: kwamba alifanya kazi mgodini, na kwamba kifua chake kina ugonjwa.

Kwetu, hifadhi ya jamii, iliyokuwa INSS na sasa ni CNSS, ina sehemu inayohusu ajali na magonjwa ya kazi. Sheria si tupu. Lakini mstaafu akienda mikono mitupu, bila picha ya siku alipoajiriwa, bila ya siku alipoacha, bila ya miaka iliyofuata, karani hana cha kugongea muhuri. Kwa hiyo naiomba serikali ya mkoa wa Haut-Katanga na kampuni zinazochimba leo katika maeneo yetu, za wenyeji na za wageni, zikubali jambo moja: mfanyakazi anapoondoka aondoke na nakala ya picha zake zote, na gharama ya kupigwa picha baada ya hapo isiwe yake peke yake. Waganga wakuu wa hospitali, nawaomba mtenge chumba kimoja kikavu cha filamu, chenye daftari na mtu anayewajibika kwa ufunguo.

Nanyi wazee wangu, mama zangu: msichome filamu za marehemu, maana mjane anaweza kuzihitaji kuliko cheti cha kifo. Kwenye meza pale mlangoni wanafunzi wamekaa na madaftari. Kabla hamjatoka waandikisheni mwaka mlioanza kazi ya vumbi, mahali, aina ya kazi, mwaka mlioacha, na mwaka wa eksirei yenu ya mwisho, hata kama filamu haipo tena. Wale wasiopigwa picha kwa miaka mitano na zaidi waandikwe wa kwanza.